Somo la Gari la Chama: Injini Inapomisi, Itafutwe Silinda Kabla ya Kipuri

Chama cha msingi chenye gari moja hulitegemea kama mkulima alitegemeavyo jembe lake. Pikapu ile ile hupeleka mbolea na dawa kwa wanachama, hukusanya magunia ya kahawa kutoka vituo vya kununulia, humpeleka mtunza fedha benki, na mara nyingine hubeba mgonjwa usiku wa manane. Kwa hiyo injini inapoanza kutetemeka na kushindwa mlima katikati ya msimu, kila mtu hutaka gari litengenezwe siku hiyo hiyo. Haraka hiyo ndiyo inayovigharimu vyama. Fundi huambiwa anunue kinachotakiwa. Hununua plagi nne, na gari halijapona. Hununua koili, likatulia siku mbili kisha likarudia. Baadaye kabureta hulaumiwa, na baada ya kabureta pampu. Mwisho wa mwezi faili limejaa hati za malipo, kahawa imelala kituoni, na injini ingali inatetemeka.

Somo hili lahusu namna ya kuutafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa. Halikusudii kumgeuza katibu kuwa fundi. Lakusudia kumwezesha kusimama mbele ya fundi na kuuliza maswali matatu: Ni silinda ipi isiyofanya kazi? Imekosa nini? Umejuaje? Fundi anayeifahamu kazi yake huyajibu maswali hayo pasipo kukasirika, kwa sababu yeye mwenyewe alikwisha kujiuliza.

Maana ya kumisi

Mafundi husema kwamba gari "linamisi" pale silinda moja au zaidi inapokosa kulipua mchanganyiko wa hewa na petroli kwa wakati wake. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hupaswa kulipuka mara 1,500, yaani mara 25 katika sekunde moja. Milipuko hiyo hupokezana kwa utaratibu maalumu. Katika injini nyingi za silinda nne utaratibu ni 1-3-4-2, ijapokuwa ziko zinazofuata 1-2-4-3, na kwa sababu hiyo kitabu cha gari hakina budi kutazamwa kabla waya za plagi hazijachomolewa. Silinda moja ikinyamaza, zamu yake hupita bure, na zile tatu hulazimika kuisukuma kama watu watatu wanaobeba jeneza la watu wanne. Mtikisiko unaosikika kwenye usukani ni pengo la zamu hiyo.

Ili silinda ilipuke yahitajiwa mambo matatu: cheche yenye nguvu kwa wakati wake, petroli na hewa kwa kipimo kinachofaa, na mshindilio wa kutosha, ambao mafundi huuita kompresheni. Hakuna jambo la nne. Kila chanzo cha kumisi, kiwe kikubwa au kidogo, kimo katika moja la hayo matatu, na kazi yote ya uchunguzi ni kuondoa mawili ili libaki moja.

Baadhi ya madereva huendelea kutembeza gari linalomisi kwa kuwa bado latembea. Hilo ni kosa la gharama kubwa. Petroli isiyoungua katika silinda iliyokufa huosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi za pistoni husaga chuma kikavu. Sehemu ya petroli hiyo huteremka chini na kuifanya oili kuwa nyepesi. Yeyote atakayenusa kijiti cha oili ataisikia harufu yake. Sehemu nyingine hutoka na moshi. Katika magari mapya yenye katalaiza, yaani kile kisafishio cha moshi kilichomo ndani ya bomba la ekzosi, petroli hiyo huungulia humo na kuyayeyusha masega yake, kisha bomba huziba na injini hukosa pumzi kabisa. Taa ya injini ikimweka-mweka katika gari la namna hiyo, dereva anaambiwa kwamba uharibifu huo unatendeka wakati ule ule. Apunguze mwendo, ashushe mzigo, na asiendelee na safari.

Dereva aulizwe kwanza

Uchunguzi huanza mezani kwa katibu, wala si chini ya boneti. Dereva aitwe aeleze gari linamisi wakati gani, na maneno yake yaandikwe katika kitabu cha gari kama alivyoyasema. Jambo hili hudharauliwa sana, nalo huokoa nusu ya kazi.

Akisema kwamba gari lamisi asubuhi baada ya mvua na kupona jua likipanda, unyevu umeingia katika njia ya umeme: kifuniko cha distributa kina ufa, au waya za plagi zimechakaa. Usiku, mahali penye giza, injini ikiunguruma, ufa wa namna hiyo hujionyesha wenyewe, kwani vimulimuli vya buluu huonekana vikiruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma. Akisema kwamba lamisi mlimani likiwa na mzigo lakini uwandani latembea vizuri, ama cheche ni dhaifu, ama petroli haifiki ya kutosha. Mzigo ukiwa mkubwa shindikizo ndani ya silinda hupanda, na cheche dhaifu hushindwa kuruka. Nafasi ya plagi iliyopanuka kwa kuchakaa, koili iliyochoka na filta ya petroli iliyoziba, vyote hujificha uwandani na kufichuka mlimani.

Likimisi linaposimama tu, likiunguruma taratibu, na kutulia mara linapokanyagwa, ishara ni tofauti: pengine hewa inaingia mahali pasipo pake, au vali moja haifungi barabara. Likianza kumisi baada ya kupata moto, hasa baada ya saa nzima ya safari, koili na kondensa ndivyo vya kushukiwa kwanza. Na ikiwa tatizo lilianza siku moja tu baada ya kujaza mafuta mahali pasipo pa kawaida, basi hapana haja ya kufungua injini kabla petroli yenyewe haijatazamwa.

Kuitafuta silinda iliyokufa

Gari liwekwe nje, mahali penye hewa, kwa kuwa moshi wa injini ndani ya banda huua. Breki ya mkono ivutwe, gia iwe huru, na asiwepo mwenye sigara wala chombo cha petroli karibu. Shati lenye mikono mirefu iliyolegea na ncha ya kanga visikaribie feni.

Njia ya kwanza haihitaji chombo chochote isipokuwa maji kidogo. Injini ikiwa baridi iwashwe kwa dakika moja tu, kisha tone la maji lidondoshwe juu ya kila tawi la manifoldi ya ekzosi, pale moshi unapotoka kwenye silinda. Matawi matatu yatayakausha maji kwa haraka na kwa mlio. Moja litabaki na unyevu wake: hiyo ndiyo silinda isiyochoma. Jaribio hili lataka wepesi, maana injini ikishapata moto matawi yote hupashana joto na tofauti hupotea.

Njia ya pili ni kuinyima kila silinda cheche yake kwa zamu. Katika gari la zamani lenye distributa na pointi, injini izimwe, waya wa plagi ya kwanza uchomolewe na ncha yake ishikizwe kwenye chuma cha injini ili umeme upate njia, kisha injini iwashwe na kusikilizwa. Waya urudishwe, uchukuliwe wa pili, na kuendelea hivyo. Silinda nzima ikinyimwa cheche, mngurumo hushuka na mtikisiko huzidi. Silinda iliyokufa ikinyimwa, hakuna kinachobadilika. Mafundi wengi huchomoa waya injini ikizunguka, kwa mkono mtupu na kwa majivuno. Umeme unaotoka kwenye koili hupanda kutoka volti 12 za betri hadi volti elfu nyingi, na waya ulioachwa ukining'inia bila njia huweza kuiunguza koili yenyewe, na katika gari lenye mfumo wa elektroniki huharibu kifaa cha bei kubwa. Hakuna ushujaa katika jambo hilo.

Gari jipya lisilo na distributa, lenye koili moja juu ya kila plagi, huchunguzwa kwa kuchomoa soketi ya umeme ya injekta moja baada ya nyingine, sekunde chache kila moja. Kwa njia hiyo silinda hunyimwa petroli badala ya cheche, na katalaiza haimwagiwi mafuta mabichi. Magari hayo pia huweka kumbukumbu ya makosa inayosomwa kwa mashine ndogo. Namba P0301 yaonyesha kwamba silinda ya kwanza inamisi, P0304 ni silinda ya nne, na P0300 ni kumisi kusikokuwa na silinda maalumu. Hapa lazima itolewe tahadhari. Mashine hutaja silinda, haitaji kipuri. Fundi anayesoma P0303 kisha papo hapo akaandika koili mpya katika orodha ya manunuzi amebahatisha sawa na yule asiye na mashine, ila amebahatisha kwa gharama zaidi.

Kuhamisha kabla ya kununua

Silinda ikishajulikana, jaribio lenye faida kuliko yote halina gharama hata senti moja. Chukulia kwamba silinda ya tatu ndiyo iliyokufa. Plagi yake ihamishiwe silinda ya kwanza, na ile ya kwanza iwekwe ya tatu. Injini iwashwe na kuchunguzwa upya. Ikiwa sasa silinda ya kwanza ndiyo inayomisi, ugonjwa umehama pamoja na plagi, na plagi ndiyo mbovu. Ikiwa ya tatu bado imekufa, plagi imeondolewa lawama na waya wake ujaribiwe vivyo hivyo, kwa kuazima waya mwingine wenye urefu wa kutosha. Katika gari la koili nne, koili mbili hubadilishana nafasi. Kumbukumbu ya kosa ikitoka P0303 kwenda P0301, koili ndiyo inayohitaji kununuliwa, moja tu, si nne.

Kabla plagi haijarudishwa, ncha yake isomwe kama daktari asomavyo ulimi wa mgonjwa. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Masizi meusi makavu yaonyesha petroli nyingi kupita hewa: pengine choki imesahauliwa, au filta ya hewa imejaa vumbi la barabara. Weusi wenye utelezi ni oili inayopenya kwenye ringi au kwenye miongozo ya vali. Plagi iliyolowa petroli imekosa cheche. Nyeupe kama chokaa, yenye vipele, imepata joto kupita kiasi. Na plagi moja iliyotakata kana kwamba imeoshwa, hali wenzake wamechafuka, huenda inaoshwa na mvuke wa maji ya rejeta yanayovuja ndani ya silinda. Hiyo ni habari mbaya, na itaelezwa baadaye.

Ikiwa silinda zote zinamisi bila utaratibu, hapana haja ya kuhamisha kitu, kwa maana chanzo kiko mahali zinaposhirikiana: koili, pointi, kondensa, rota, au njia ya petroli. Waya wa katikati wa distributa ukishikwa kwa kibano chenye mpira na kukaribishwa kwenye chuma wakati injini ikizungushwa kwa stata, mbali na mvuke wowote wa petroli, cheche njema ni ya buluu na hulia. Cheche ya manjano isiyo na mlio ni dhaifu. Jaribio hili ni la magari ya pointi peke yake. Pointi zitazamwe: zikiwa zimeungua na kuota kijipele upande mmoja na kishimo upande wa pili, kondensa ishukiwe, wala isitoshe kuzisugua kwa msasa na kuzifunga tena. Land Rover ya Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, hutaka nafasi ya pointi ya milimita 0.35 hadi 0.40 na nafasi ya plagi ya milimita 0.75 hadi 0.80. Kila gari lina vipimo vyake, navyo viandikwe kwa kalamu ya wino nyuma ya jalada la kitabu cha gari, ili visitegemee kumbukumbu ya mtu.

Petroli na hewa

Kuhusu petroli, yatosha kuanza na chupa ya kioo. Petroli kidogo ichukuliwe kutoka kwenye mrija wa pampu, injini ikiwa baridi, iwekwe katika chupa safi na kuachwa itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini na mstari wa mgawanyo huonekana wazi. Chama kinachohifadhi petroli katika pipa lililo nje wakati wa masika kisishangae kuyakuta maji hayo. Pipa lisisimamishwe wima penye mvua, kwa kuwa maji hujikusanya juu ya kifuniko na kufyonzwa ndani usiku hewa inapopoa.

Mafuta ya taa yaliyochanganywa hayaonekani kwenye chupa. Injini hugoma kuwaka asubuhi, hugonga mlimani, na plagi hujaa masizi. Uchakachuaji huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Tanzania ilianza kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili bei yake isimvutie mchanganyaji. Hata hivyo, petroli inunuliwayo kwa chupa kandokando ya barabara haina wa kuidhamini. Stakabadhi ya kituo kinachojulikana ni ulinzi wa injini kama ilivyo ulinzi wa hesabu.

Hewa inayoingia kwa wizi hutafutwa kwa maji ya sabuni. Injini ikiunguruma taratibu, maji yapakwe kidogo kidogo kwa brashi kwenye maungio ya manifoldi ya kuingizia hewa, kwenye kikalio cha kabureta na kwenye mipira midogo. Mahali panapofyonza maji hayo na kuubadilisha mngurumo kwa muda ndipo penye tundu. Wako wanaonyunyiza petroli badala ya maji, juu ya ekzosi yenye moto. Gari la chama limeweza kuteketea kwa upuuzi mdogo kuliko huo.

Mshindilio, na vali zinazozama

Cheche ikiwa njema na petroli ikiwa safi, na bado silinda imekufa, limebaki jambo la tatu. Hapa ndipo vyama vingi hupoteza fedha, kwa sababu ugonjwa wa mshindilio hauponi kwa kipuri chochote cha juu, na kila plagi mpya inayofungwa katika silinda hiyo ni fedha iliyotupwa. Geji ya kompresheni si chombo cha bei kubwa. Vyama vitatu au vine vilivyo jirani vyaweza kununua moja kwa pamoja.

Injini ipate moto kwanza, kisha plagi zote zitolewe, koili ichomolewe ili isitoe cheche, na katika gari la injekta petroli ikatwe. Mtu mmoja akanyage mafuta hadi mwisho ili hewa iingie kwa wingi, na stata izungushe injini huku geji ikiwa imefungwa katika tundu la plagi. Usomaji wa kila silinda uandikwe. Injini nyingi za petroli zikiwa na afya husoma kati ya kilo 9 na 13 kwa sentimita mraba, lakini namba yenyewe si kitu kama ulinganifu. Silinda nne zenye 10 kila moja ni bora kuliko tatu zenye 12 na moja yenye 6.

Silinda iliyo chini itiwe kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, ipimwe tena. Usomaji ukipanda, oili imeziba nafasi kati ya ringi na kuta, ringi zimechakaa. Usipopanda, tatizo liko juu: vali haifungi, au gasketi ya silinda hedi imepasuka. Zikiwa silinda mbili zinazopakana ndizo zilizo chini pamoja, na kwa kiasi kile kile, gasketi imeungua katika daraja jembamba lililo kati yao. Maji ya rejeta yanayopungua pasipo kuvuja nje huthibitisha shaka hiyo, na ile plagi iliyooshwa hutoa ushahidi wa pili.

Kuhusu vali kuna jambo linalopasa kujulikana na kila chama chenye gari la zamani. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, nayo ilikuwa hatua njema kwa afya za watu, hasa watoto. Lakini katika baadhi ya injini za kale risasi hiyo ilikuwa ikiacha utando uliokilinda kiti cha vali ya ekzosi. Pasipo utando huo, kiti kisicho cha chuma kigumu huliwa polepole, vali huzama ndani ya silinda hedi, na nafasi ya tapeti hupungua kilomita baada ya kilomita hadi ikaisha. Vali isiyo na nafasi haifungi kabisa. Moto hupenya pembeni yake na kuiunguza ukingo. Dalili ya kwanza ni kumisi gari linaposimama. Wakati huo tiba ingali ni bisibisi, spana na kibamba cha kupimia nafasi, kazi ya saa mbili: Land Rover iliyotajwa hutaka milimita 0.25 kwa vali zote nane. Miezi sita baadaye tiba ni kufungua silinda hedi, kununua vali na kuchonga viti vipya. Ajabu ni kwamba injini yenye tapeti zilizobana hunguruma kwa utulivu, bila ule mlio wa kugongagonga, na dereva huusifu utulivu huo.

Vyama vyenye gari la dizeli vitambue kwamba injini hizo nazo humisi, ijapokuwa hazina plagi wala koili. Katika zile za zamani zenye pampu ya kawaida, silinda iliyokufa hutafutwa kwa kulegeza kidogo nati ya mrija wa nozeli moja baada ya nyingine, kwa kitambaa na kwa uangalifu. Katika dizeli mpya zenye mrija mmoja wa pamoja jambo hilo ni marufuku. Shindikizo lililomo laweza kuzidi kilo 1,000 kwa sentimita mraba, na mafuta yanayotoka hupenya ngozi kama sindano. Gari hilo lipelekwe kwa mwenye mashine ya kulisomea.

Kazi ya katibu

Hati ya malipo ya kipuri isitiwe sahihi mpaka karatasi ya uchunguzi iambatanishwe nayo. Karatasi hiyo haihitaji kuwa na mapambo: tarehe, kilomita, maneno ya dereva, silinda iliyoonekana kufa, majaribio yaliyofanywa na matokeo yake, na jina la fundi. Kipuri cha zamani kirudishwe chamani, kifungwe kikaratasi chenye namba ya hati, kikae stoo hadi mkaguzi atakapopita. Chama kinachodai stakabadhi kwa kilo moja ya kahawa hakina sababu ya kulipia koili pasipo kuiona ile iliyokufa. Faida nyingine ya kukihifadhi ni kwamba mara kwa mara kipuri kilichotolewa kwa kubahatisha huwa ni kizima, nacho chaweza kuwekwa akiba.

Kipuri kipya chenyewe kikaguliwe. Plagi bandia zenye jina la kiwanda mashuhuri zimeenea madukani. Maandishi yaliyopinda, nafasi zisizolingana kati ya plagi nne za sanduku moja, na bei ya chini kupita kiasi ni dalili zake. Namba ya plagi ilingane na ile ya kitabu cha gari, kwa sababu plagi yenye joto lisilofaa hufunga vizuri, huwaka vizuri, na kuharibu pistoni polepole.

Malipo ya fundi nayo yafaa kufikiriwa upya. Fundi anayelipwa kwa vipuri alivyofunga atafunga vipuri. Kamati yaweza kukubaliana naye malipo ya uchunguzi peke yake, yatolewayo hata kama mwisho wake ni waya uliolegea, usiohitaji kununuliwa kitu. Wapo wanakamati watakaouliza kwa nini alipwe mtu aliyekaza waya tu. Wajibiwe kwa kusomewa hati za msimu uliopita.

Kwa vikundi vya masomo

Kikundi kijadili mfano huu wa kubuni, kikiwa na karatasi na kalamu. Pikapu ya chama ya silinda nne yamisi ikisimama na hata ikitembea. Dereva asema huongeza maji ya rejeta kila siku mbili wala haoni yanapovuja. Fundi amekwisha kufunga plagi nne mpya na koili, bila mabadiliko. Geji ya kompresheni yasoma kilo 11.5 katika silinda ya kwanza, 5 katika ya pili, 5 katika ya tatu na 11 katika ya nne. Baada ya kijiko cha oili, ya pili na ya tatu zasoma 5 kama kwanza.

Wanakikundi waseme ni lipi kati ya mambo matatu lililokosekana, ni mahali gani hasa, na ni shahidi zipi mbili zinazoafikiana. Kisha waamue ni vipuri vipi kati ya vilivyonunuliwa havikuhitajika, na katika hatua ipi ya somo hili katibu angaliweza kuuzuia ununuzi huo. Mwisho watoe kitabu cha gari la chama chao wenyewe, watazame kama vipimo vya plagi, pointi na tapeti vimeandikwa humo, na kama havimo, aandikiwe barua fundi avilete kabla msimu wa kununua mazao haujafunguliwa.